Mawe ya Figo na Mifupa: Tulikosea Tulipokataza Maziwa



Mwezi uliopita tulipokea barua ya kijana mmoja wa Mafinga, Mkoa wa Iringa. Ameandika kwa adabu njema, nasi twafupisha maneno yake. Mama yake, aliyepita kidogo umri wa miaka 50, alipatwa na jiwe la figo mwaka jana. Aliteseka siku tatu, kisha jiwe likatoka lenyewe kwa haja ndogo. Tangu siku hiyo majirani wamemkataza maziwa, mtindi na dagaa, kwa hoja kwamba vyakula hivyo vina chokaa, na jiwe nalo ni chokaa. Mama ametii. Sasa aumwa mgongo, na kijana auliza: Je, jiwe limerudi? Na je, ni kweli kwamba maziwa huleta mawe?

Barua hii tuliiweka mezani wiki nzima kabla ya kushika kalamu. Si kwamba jibu ni gumu. Swali lenyewe tulikwisha kuulizwa zamani, na dada yetu mkubwa aliyeko Iringa mjini, nasi tukamjibu vibaya.

Dada yetu alipougua jiwe alitupelekea habari hapa Mbeya, akataka shauri. Sisi si tabibu; elimu yetu ni ya chuo cha Kurani na ya shule ya msingi. Lakini mwalimu wa madrasa huulizwa kila jambo, na ubaya wake ni kwamba huzoea kujibu kila jambo. Tulikuwa tumesikia barazani kwamba maziwa hugeuka mawe figoni. Tukamwambia dada, kwa sauti ya mtu ajuaye, aache maziwa, aache mtindi, aache na dagaa. Naye akatutii kwa miaka minne, yeye aliyelelewa pamoja nasi Rungwe, ambako maziwa hayakukosekana nyumbani. Haikutosha hiyo. Wazazi wawili watatu wa wanafunzi wetu waliotujia na shida hiyo hiyo, nao tuliwaambia neno hilo hilo.

Mwaka wa nne, katika mvua za Machi, dada aliteleza uani kwake akiwa na ndoo tupu mkononi, akaanguka kwa kiganja. Mfupa wa kifundo cha mkono ukavunjika. Tulipanda basi alfajiri, tukapita Makambako na Mafinga, tukamkuta hospitalini amekwisha kufungwa plasta. Daktari, binti kijana mpole, alikuwa akimwuliza maswali: Ulipata kuvunjika kabla? Una miaka mingapi tangu kukoma hedhi? Ulipata kuugua mawe ya figo? Dada akasema ndiyo, aliugua, na tangu hapo hanywi maziwa. Daktari akainua uso.

"Mama, nani alikukataza maziwa?"

Dada akatutazama, wala hakusema neno. Daktari akatugeukia. "Maalim, ni wewe?"

Tukasema ni sisi.

Hatukukaripiwa, na pengine tungekaripiwa ingekuwa nafuu. Tulielezwa. Na haya tuandikayo leo ndiyo tuliyoelezwa siku ile, pamoja na yale ambayo mpwa wetu, binti wa dada huyo, aliye muuguzi, ametusomea baadaye katika taarifa za madaktari, nasi tukimkatiza kila mara hata tukafahamu.

Kwanza ijulikane jiwe la figo ni kitu gani. Wako wadhanio kwamba ni mchanga wa mchele usiopepetwa vizuri, ukakusanyika mwilini. La, sivyo. Mchanga ulioumeza hupita tumboni na kutoka kwa haja kubwa. Haufiki figoni kamwe. Jiwe huumbwa ndani ya figo kwa vitu vilivyoyeyuka katika mkojo. Mkojo ukiwa mzito, vitu hivyo hushikana, vikawa punje, na punje ikakua. Kama chumvi iachwavyo chini ya sufuria maji yakikauka, ndivyo ilivyo.

Katika kila mawe 10 ya figo, yapata 8 yana madini ya chokaa, ambayo madaktari huyaita kalsiamu. Na aghalabu chokaa hiyo imeungana na kitu kiitwacho oksaleti. Oksaleti imo katika mimea mingi tulayo: katika mchicha imo kwa wingi, katika karanga imo, na katika majani ya chai imo. Wenzetu wa Rungwe waijua bila ya kujua jina lake. Gimbi bichi likikugusa ulimi au likikuwasha mikono ulipolimenya, ule muwasho hutokana na vijisindano vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo ni chokaa iliyoungana na oksaleti. Ni kitu kile kile ambacho figo ya mgonjwa hukifanya jiwe.

Hapa ndipo tulipopotea sisi na majirani wa Mafinga. Tulisema: jiwe lina chokaa, maziwa yana chokaa, basi ondoa maziwa. Hesabu yaonekana imekamilika, kumbe nusu yake imesahauliwa. Mtu akila mchicha akanywa na maziwa, chokaa ya maziwa hukutana na oksaleti ya mchicha humo humo matumboni, zikashikana, zikatoka pamoja kwa haja kubwa. Oksaleti haipati nafasi ya kuingia katika damu. Lakini mtu akila mchicha pasipo chokaa yoyote, oksaleti hubaki peke yake, huingia katika damu, hufika figoni. Na figoni hukuta chokaa ikimngojea.

Msomaji mwerevu atauliza: chokaa hiyo ya figoni yatoka wapi, ikiwa mtu ameacha maziwa?

Yatoka mifupani.

Katika miili yetu, sehemu 99 kati ya 100 za chokaa zimewekwa katika mifupa na meno. Sehemu moja iliyobaki ndiyo itumikayo katika damu na nyama, na moyo hauwezi kupiga sawasawa bila ya hiyo. Kwa hiyo damu haikubali kupungukiwa. Chakula kisipoleta chokaa, mwili huenda kuikopa mifupani. Sisi watu wa nyanda hizi twajua kihenge ni nini. Mifupa ni kihenge. Mwaka wa mavuno hutiwa, mwaka wa njaa huchotwa. Walakini wako watu ambao figo zao huvuja: huachia chokaa nyingi mno kupita katika mkojo, usiku na mchana. Kwao, jiwe ni mahindi yaliyomwagika nje ya kihenge. Jirani apitaye akiona mahindi chini, humwambia mwenye nyumba, "Umelima mno, acha kulima." Wala hainami kutazama tundu lililo chini ya kihenge.

Haya si maneno ya kukisia. Mwaka 1993 madaktari wa Marekani walitangaza habari za wanaume 45,619 waliofuatwa kwa miaka minne. Wale waliokula chokaa nyingi zaidi katika vyakula vyao ndio waliopata mawe machache. Hatari yao ilipungua kwa yapata theluthi moja. Kisha, mwaka 2002, madaktari wa mji wa Parma, Italia, wakatangaza habari iliyokata maneno. Waliwachukua wanaume 120 wenye mawe yanayorudirudi na chokaa nyingi katika mkojo. Wanaume 60 walipunguziwa chokaa, kama tulivyomfanyia dada yetu. Wengine 60 waliachiwa chokaa ya kawaida, ila wakapunguziwa chumvi na nyama. Baada ya miaka mitano, katika kundi la kwanza 23 walikuwa wamerudiwa na mawe. Katika kundi la pili, 12 tu.

Ama kuhusu mifupa, katika mji wa Rochester, Marekani, madaktari waliwatazama watu waliopata kuugua mawe, wakatoa habari mwaka 1998 kwamba kuvunjika pingili za uti wa mgongo kulikuwa kwa watu hao mara nne kuliko ilivyotarajiwa. Na mwaka 2021 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walichunguza daftari za askari wastaafu wa nchi hiyo zaidi ya 531,000 waliokuwa na mawe ya figo. Karibu mmoja katika kila wanne alikuwa na ugonjwa wa mifupa kudhoofika, au amevunjika mfupa, karibu na wakati ule ule wa jiwe. Wengi wao walikuwa wanaume, jambo ambalo wanaume wasomao ukurasa huu wasilipite mbio, kwa maana hudhani udhaifu wa mifupa ni habari ya bibi vizee. Na katika wale ambao walikuwa hawajapata kuvunjika, hata mmoja katika kila kumi hakupimwa mifupa yake katika miaka mitano iliyofuata. Ikiwa nchi yenye hospitali nyingi namna ile yasahau kuuliza, sisi tutasahau zaidi tusipokumbushana.

Sasa tutaje jambo ambalo daktari wa Iringa alilitilia mkazo kuliko yote, nasi tukamwona ana haki. Shingoni mwa binadamu mna tezi ndogo nne, kila moja ukubwa wake yapata punje ya mchele. Kazi yake ni kuagiza chokaa itolewe mifupani kila damu inapopungukiwa. Mara nyingine tezi moja huvimba ikawa haisikii tena amri, ikaagiza bila ya kikomo. Mifupa huliwa, damu hujaa chokaa, na figo hufanya mawe. Nahodha mmoja wa meli za Marekani, Charles Martell, aliugua hivyo katika miaka ya 1920. Mifupa yake ilivunjika mara kwa mara, mawe yakamjaa figoni, na urefu wake ukapungua kwa yapata sentimita 18, hata mtu mrefu akawa mfupi. Walimpasua shingo mara kadhaa wasiione tezi mbovu. Katika operesheni ya saba, mwaka 1932, iliyofanywa Boston, waliikuta imejificha kifuani. Lakini walikuwa wamechelewa: baada ya wiki chache alifariki kwa taabu zilizofuata jiwe la figo lililokwama.

Siku hizi haihitaji kungoja hivyo. Kipimo cha damu cha kutazama chokaa huonyesha kama tezi hiyo yashukiwa, na ikionekana mbovu huondolewa. Si kila mwenye jiwe ana ugonjwa huu. Walio nao ni wachache. Lakini mwenye jiwe aliyevunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, na asipimwe chokaa ya damu, ameachiwa mlango wazi usiku.

Twasema haya kwa uangalifu, kwa kuwa hatutaki kutoka katika kosa moja tukaingia jingine. Hatuwezi kuapa kwamba maziwa tuliyoyakataza ndiyo yaliyomvunja dada mkono. Tope lile lingemwangusha hata kijana wa mpira. Lakini kwa miaka minne tulimzuilia kitu ambacho mifupa yake ilikihitaji na figo zake zilikihitaji, tukaita dawa.

Basi nyumbani tufanyeje? Maji kwanza. Mwenye jiwe apaswa kunywa maji ya kutosha hata apate mkojo wa lita 2 na nusu kwa siku, na kwa hiyo atakunywa kama lita 3, au zaidi akiwa anafanya kazi juani. Wakulima wa mpunga wa Mbarali na Pawaga, watokao jasho kutwa, wasipime kwa kiu peke yake. Na huku juu tuna hatari nyingine ambayo watu wa pwani hawaijui: baridi. Katika Juni na Julai, hapa Mbeya, Uyole na huko Mafinga, mtu aweza kufika magharibi amekunywa kikombe kimoja cha chai tu, wala haoni kiu. Na atazame rangi ya haja yake ndogo. Iwe nyeupe au ya manjano hafifu. Ikifanana na chai ya rangi, amechelewa. Ndimu au limau likikamuliwa katika maji lafaa, kwani ukali wake una kitu kizuiacho chokaa isishikane.

Tumetaja chai. Nchi yetu hii ni nchi ya chai, Tukuyu na Mufindi, wala hatumkatazi mtu. Ila mwenye jiwe anywaye chai ya rangi nzito vikombe vitano kwa siku ajue anameza oksaleti. Atie maziwa. Chai ya maziwa ya bibi zetu ilikuwa na akili kutuzidi.

Kisha chumvi, nayo ndiyo adui aliyekaa kimya. Chumvi ipitapo katika figo huvuta chokaa kutoka nayo nje. Wataalamu wakadiria kwamba kila gramu 6 za chumvi, yaani kama kijiko kimoja cha chai, hutoka na yapata miligramu 40 za chokaa. Kwa siku moja ni kitu kidogo. Kwa miaka 20 ni mfupa. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, na katika nyumba zetu kiasi hicho hupitwa kabla ya chakula cha mchana, hasa ikiwa kikopo cha chumvi kimekaa mezani kama mgeni wa heshima. Nyama nayo ikizidi hudhuru figo na mifupa pamoja. Nyama ya Idi hatuisemi. Twasema ile ya kila jioni.

Ama chokaa yenyewe: mtu mzima ahitaji yapata miligramu 1,000 kwa siku, na mwanamke aliyepita miaka 50 ahitaji 1,200. Kikombe kikubwa cha maziwa au mtindi hutoa kama 300. Nyumba isiyomudu maziwa kila siku ina dagaa, na usipa wa Ziwa Nyasa watokao Kyela, waliwao na miiba yao, na chokaa imo katika miiba hiyo. Wakiwa wametiwa chumvi, waloweke na kuwaosha mara mbili. Lililo muhimu ni kuvila vitu hivi pamoja na chakula, si usiku wa manane peke yake, ili chokaa ikutane na oksaleti tumboni kama tulivyoeleza. Mchicha wa karanga kwa mwenye jiwe usiwe wa kila siku, na siku ya kuula uambatane na kikombe cha mtindi.

Wako wasemao, "Basi tutanunua vidonge vya chokaa dukani." Taratibu. Uchunguzi mkubwa wa wanawake 36,282 huko Marekani, uliotangazwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba waliopewa vidonge vya chokaa pamoja na vitamini D walipata mawe zaidi, kwa asilimia 17. Chokaa ya chakula na chokaa ya kidonge si kitu kimoja kwa figo. Kidonge na kitolewe na daktari aliyekwisha kukupima, na kimezwe pamoja na mlo.

Kwa mama zetu na dada zetu wanaojisitiri, neno moja. Mifupa haipokei chokaa vizuri bila ya vitamini D, ambayo ngozi huifanya ipigwapo na jua. Stara haizuii afya: uani kwako, penye ukuta, mikono na miguu iote jua kidogo kila siku.

Na kwa Ramadhani: mwenye mawe amwone daktari mwezi haujaandama, wala asingoje maumivu. Akiruhusiwa kufunga, maji yake ayagawe kutoka futari hata daku, asiyanywe yote kwa mkupuo mmoja. Akikatazwa, dini imekwisha kumpa ruhusa yake, na asione haya kuitumia.

Hatukuwa wa kwanza kushughulishwa na maradhi haya. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkuu aliyefariki mwanzoni mwa karne ya kumi, aliandika kitabu kizima juu ya mawe ya figo na ya kibofu. Twataja hili kwa ajili ya wale vijana waliotuambia kwamba mambo ya mkojo hayafai kuandikwa katika gazeti la dini.

Sasa kwako, kijana wa Mafinga. Maumivu ya mgongo wa mama yako hatuwezi kuyahukumu kutoka Mbeya. Huenda ni jiwe, huenda ni pingili ya mgongo, huenda ni kazi ya shamba tu. Mpeleke hospitali, na usiondoke kabla ya kuuliza mambo haya: chokaa ya damu yake ni kiasi gani, figo zake zapigwa ultrasaundi lini, na mifupa yake ikoje, kwa kuwa yeye amekwisha kupita umri wa hedhi na amepata jiwe. Picha ya kupima uzito wa mifupa haipatikani kila hospitali, lakini daktari aweza kupiga eksirei ya mgongo na kuuliza juu ya kuvunjika kwa zamani. Na jiwe jingine likitoka, mlidake kwa kitambaa safi mlipeleke, maana yako mawe yasiyo ya chokaa, na dawa yake ni nyingine. Lakini akishikwa na maumivu pamoja na homa na kutetemeka, au haja ndogo ikafunga, usingoje asubuhi. Siku hiyo hiyo.

Kuhusu maziwa, mwambie arudi kunywa. Mwambie mwalimu wa madrasa aliyewakataza wengine amekubali kosa lake mbele ya wasomaji wote.

Dada yetu mkono wake umeunga, ijapokuwa haukunyooka sawasawa. Chokaa ya damu yake ilipimwa ikakutwa salama. Tulipokwenda kumwona mara ya mwisho alitumiminia mtindi sisi kwanza, kikombe kikajaa hata kikataka kumwagika.

"Kunywa, mdogo wangu," akasema, "nikuone."

Wale wazazi tuliowashauri zamani, tumekwenda milangoni kwao. Wawili tumewaona. Wa tatu alihamia Chunya, nasi tunamtafuta. Amjuaye mama aliyewahi kuleta watoto wawili mapacha katika madrasa yetu, amwambie atupelekee habari.